Taa ya Soriasisi na Kilicho Chini ya Ngozi

Mwambie mtu wa Mombasa kwamba soriasisi, ugonjwa wa ngozi wa mabamba yenye magamba, hutibiwa kwa mwanga, naye atacheka: kwani jua la hapa petu halitoshi? Swali si la kijinga, ila limesahau kipimo. Tiba yenyewe hutumia mionzi ya urujuanimno ya UVB ya mkanda mwembamba, ya nanomita 311 hivi. Mgonjwa husimama ndani ya kijumba cha taa, macho yamekingwa kwa miwani, kwa muda mfupi unaoongezwa hatua kwa hatua kulingana na ngozi yake, kwa kawaida mara tatu kwa wiki. Jua la saa sita mchana halina muuguzi wa kulizima.

Pingamizi zito ni jingine. Soriasisi si ya ngozi peke yake. Ni kinga ya mwili iliyogeuka kuushambulia mwili wenyewe, na wenye nayo, hasa walioshikwa vibaya, hupatwa zaidi na unene wa kupindukia, kisukari, presha na maradhi ya moyo. Basi, husema wapinzani, taa ni kupaka chokaa ukuta ambao msingi wake umelowa.

Ushahidi wanaoupenda ni utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018. Wagonjwa 97 waligawanywa makundi matatu: wa sindano za adalimumabu (dawa inayotuliza kinga ya mwili), wa taa, na wa sindano zisizo na dawa. Baada ya wiki 12 mchochota, yaani uvimbe unaochochewa na kinga ya mwili, katika mkole, ule mshipa mkuu utokao moyoni, haukupungua kwa taa kuliko kwa sindano tupu. Wapinzani husoma hadi hapo wakafunga ukurasa. Lakini haukupungua kwa adalimumabu pia, dawa ya gharama kubwa ambayo hakuna aiitaye chokaa. Na katika damu, CRP na IL-6, viashiria viwili vya mchochota, vilishuka kwa tiba zote mbili, huku chembe za HDL, zinazobeba lehemu (kolesteroli) iitwayo njema, zikiongezeka kwa waliopata taa tu. Sitaki kuikuza nukta hii kupita kadiri yake: insulini haikubadilika, wala homoni zitolewazo na mafuta ya mwili, na wiki 12 ni chache mno kuhukumia mshipa uliochakaa kwa miaka. Lakini tiba inayogusa ngozi tu ingeshushaje IL-6 iliyo katika damu?

Lipo pia jambo ambalo kwetu lina uzito wake. Sindano za jamii ya adalimumabu zaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala, ndiyo sababu mgonjwa hupimwa kwanza. Taa haina hatari hiyo. Inayotiliwa shaka ya saratani ni hasa ile tiba ya zamani ya vidonge vya soraleni, dawa inayoifanya ngozi iathiriwe zaidi na mwanga, pamoja na UVA, aina nyingine ya urujuanimno, na wengi huzichanganya hizi mbili.

Udhaifu wa kweli wa taa ni safari. Mama mmoja wa Likoni alinipandishia mkono wa buibui lake, nikaona kiwikoni bamba la zambarau iliyofifia, na magamba meupe yakidondokea kitambaa cheusi. Kwa miaka alikuwa akipakwa dawa za choa. Kwake yeye, mara tatu kwa wiki kwa wiki 12 ni kuvuka feri mara 36 kwenda na 36 kurudi, na hapo hatujataja nauli wala kazi anayoiacha. Hata Marekani, katika utafiti wa wagonjwa 783 uliotolewa mwaka 2024, waliopewa taa ya nyumbani walioshika ratiba walikuwa asilimia 51, dhidi ya 16 tu ya waliotakiwa kwenda kliniki. Asilimia 16! Ngozi ilisafika au kukaribia kusafika kwa asilimia 33 ya wale wa nyumbani na 26 ya wale wa kliniki.

Kwa hiyo taa ya nyumbani, au walau ya kituo cha afya cha karibu, ndiyo ningeitetea kwanza. Hata hivyo wapinzani wana haki katika hili: ngozi ikishatakata, mtu huona amepona na hapimwi tena sukari. Anayekuja kliniki mara tatu kwa wiki huonwa na muuguzi mara nyingi kuliko mgonjwa yeyote wa presha, na utepe wa kupimia kiuno waweza kuning'inizwa mlangoni pa kijumba kile. Mwenye taa chumbani mwake hana wa kumzungushia utepe huo, na hapo ndipo mpango wowote wa taa za nyumbani unapopaswa kuanza kufikiriwa.