Intapreta isigeuze aina kimyakimya pasipo kanuni

Andika `4/2` kwenye SageMath (au Sage, programu ya hisabati inayotumia lugha ya Python), na intapreta, yaani kisomaji kinachotekeleza unachoandika, itajibu 2. Lakini si ile 2 ya namba kamili. Uliza `(4/2).parent()`, yaani seti ambamo jibu linakaa, ambayo ndiyo aina yake, utajibiwa Rational Field: hiyo 2 ingali inakaa kwenye seti ya sehemu, namba kama 3/2. FriCAS, programu nyingine ya hisabati, nayo huonyesha aina chini kabisa ya jibu: Fraction(Integer). Wapo wanaoliona hili kuwa usumbufu. Kwangu ndiyo sahihi. Aina ya jibu itokane na aina za vilivyoingia, si na thamani iliyotokea safari hii. Tofauti yenyewe si ya jina tu: `ZZ(2).is_unit()` (ZZ ni seti ya namba kamili) hutoa False, kwa sababu hakuna namba kamili ambayo ukiizidisha kwa 2 unapata 1, ilhali `(4/2).is_unit()` hutoa True. Kama 4/2 ingejigeuza namba kamili yenyewe na 3/2 ikabaki sehemu, programu ileile ingefuata njia mbili kutegemea data.

Sasa tangaza `R.<x> = ZZ[]`, kisha andika `x + 1/2`. Nusu haimo kwenye polinomia za namba kamili, wala x haimo kwenye sehemu. Upande wowote ukigeuzwa uwe mwingine, haiwezekani. Hapo Sage huvunjavunja seti zote mbili na kuona zilivyojengwa: zote zimesimama juu ya ZZ, moja kwa kuongeza x, nyingine kwa kuruhusu sehemu. Hutanguliza sehemu, kisha x, na jibu hutua QQ[x], yaani polinomia za x zenye vizidishi vya sehemu (QQ ni seti ya sehemu). Lingeweza kutua kwenye seti ya polinomia moja juu ya nyingine pia, bila kosa la hesabu, ila hapo ni pakubwa kuliko inavyohitajika.

Kanuni ninayoitetea ni hii: ugeuzaji usioombwa uruhusiwe pale tu ambapo kila kilichomo kwenye seti ya kwanza kina mahali pake kwenye ya pili, na kujumlisha na kuzidisha hakuharibiki njiani. Chukua GF(7), seti ya namba 0 hadi 6 ambamo kila jibu ni baki la kugawanya kwa 7. `GF(7)(3) + 5` hupita na kutoa 1, maana kila namba kamili ina baki lake ikigawanywa kwa 7. `GF(7)(3) + 1/2` hukataliwa kwa TypeError (kosa la aina), ingawa ukiomba mwenyewe `GF(7)(1/2)` unapewa 4. Kwa nini ikatae kitu inachokiweza? Kwa sababu ya 1/7, ambayo haina pa kwenda, maana humo 7 ni sawa na 0. Ikiruhusiwa kimyakimya, hesabu itakwenda vizuri mpaka siku asili ya sehemu igawanyike kwa 7, ndipo ivunjike mbali kabisa na kosa lilipo. Heri ikatae mapema.

Ninapotofautiana na Sage ni kwenye `==`, alama ya kuuliza kama vitu viwili ni sawa. `GF(5)(1) == 1` ni kweli, `GF(5)(1) == 6` nayo kweli, na 1 si sawa na 6. Kamusi ya Python, yaani hifadhi ya vitu vinavyotafutwa kwa funguo, hutaka vitu vilivyo sawa viwe na hashi moja (namba ya kutafutia ufunguo), na hakuna hashi itakayolingana na ya 1 na ya 6 kwa pamoja. Ukichanganya funguo za aina hizo, utafutaji hauaminiki. Weka `F = GF(5)`, kisha pitisha kila ufunguo kwenye `F(k)` kabla ya kuuhifadhi.

Mtego unaonasa wengi zaidi, hata hivyo, hauhusu aljebra kabisa. Kwenye faili la `.sage`, kila namba kamili uliyoandika hufungwa kwanza kuwa Integer ya Sage. Kwenye `.py` hilo halifanyiki: Python 3 hukokotoa `1/2` yenyewe, ikatoa 0.5. Ukiijumlisha na x, polinomia nzima huhamia kwenye desimali za kukadiria, na hakuna onyo. `factor` (amri ya kutafuta vigawo) utakayoiita baadaye itafanya kazi juu ya makadirio. Andika `QQ(1)/2`, kisha kagua `f.parent()` kabla ya kuendelea.