Boom haijafika, mmeshaona inaliwa?

Kila Novemba wanazuka watu wazima mitandaoni kutuhubiria kwamba wanachuo wanakula boom, yaani fedha ya mkopo ya chakula na malazi, kwa starehe. Starehe gani, na fedha yenyewe haijaingia? Wapo wanaonunulia simu, sawa. Nao wanunue ikishafika.

Sigombani na kiwango. Shilingi 10,000 kwa siku ni afadhali ya 8,500 ya zamani, na anayejipikia ugali na maharage anajivuta hivyo hivyo. Ugomvi wangu ni mlolongo. Bodi ya Mikopo hailipi jina lililopangiwa mkopo; inalipa aliyesajiliwa chuoni. Chuo nacho hakikusajili mpaka ulipe michango ambayo mkopo haugusi, pamoja na ada iliyobaki juu yako. Ukisajiliwa, orodha inapelekwa Bodi, unasaini kwa kidole, ndipo akaunti inasoma. Kikikwama kimoja, vyote vimekwama. Kidole kilichosagika kwa jembe la viazi Makete, mashine inakikataa. Jina la benki likitofautiana na la cheti cha kidato cha nne, au tarakimu moja ya akaunti ikikosewa, malipo yanagoma. Ukipitwa na muda wa kusaini, fedha zinarudi Bodi.

Mwenye nyumba wa Iyunga, Mbeya, au Kihesa, Iringa, hana habari na hayo. Anataka kodi ya miezi kadhaa, taslimu, siku ya kuhamia. Basi mzazi anauza mahindi ya kula, au mtoto anakwenda kwa kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wenye riba kali. Zikija 600,000 za boom, yaani 10,000 kwa siku sitini, riba imeshakaa mlangoni inazisubiri.

Bodi itoe siku 14 za kwanza, yaani 140,000, kwa udahili uliothibitishwa na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) tu, kisha izikate kwenye awamu inayofuata. Najua, wapo watakaochukua na chuo wasikanyage. Kwani huu ni sadaka? Ni mkopo, na ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara. Wadaiwa sugu wa miaka yote wanasakwa, huyu wa 140,000 ndiye atashindikana?



Kwa mnaopanda mabasi ya Mbeya na Iringa mwaka huu: fungueni akaunti kwa majina ya cheti, herufi kwa herufi, na hakikini namba yake kwenye mfumo kabla ya foleni ya usajili, maana kurekebisha baadaye ni kupigwa danadana kati ya benki na dawati la mikopo.