Jirani, maji ya paa lako yana mwenyewe

Hivi mtu anapata wapi ujasiri wa kupandisha ghorofa huku Goba, akatandika pevingi kiwanja kizima hadi ukutani, halafu mabomba ya maji ya mvua akayatokeza barabarani? Barabara yenyewe ya vumbi, na inashuka moja kwa moja kwetu bondeni.

Pale palikuwa na miembe na nyasi, mvua ikinyesha ardhi inakunywa. Sasa piga hesabu: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Kiwanja cha mita za mraba 600 kilichozibwa chote, ikinyesha milimita 50, ni lita 30,000. Hayo ni maboza matatu ya lita 10,000, yanamwagwa mlangoni kwangu bure!

Ukimwambia, anakujibu, "Maji hufuata mkondo, mzee wangu." Mkondo gani, wakati umeuchonga wewe? Korongo limeshafika kwenye msingi wa mama muuza chapati, na bodaboda wanatushushia juu huko.

Na dawa si siri. Gata zipeleke maji kwenye simtanki, ziada iingie kwenye shimo la kokoto izame taratibu, na ibaki japo sehemu yenye majani. Kinachoniudhi zaidi, kiangazi huyohuyo ananunua maji ya boza.

Juzi kaongeza banda la magari. Bomba lake nimeshaliona linatazama wapi.