"Umeelewa?" ni swali lisilomsaidia mgonjwa

Muuguzi akimaliza kueleza dawa huuliza, "Umeelewa?" Mgonjwa hujibu, "Ndiyo," na mazungumzo huishia hapo. Huenda anaona haya, huenda amechoka, au anaamini kweli kwamba ameelewa. Ukimwambia "mara tatu kwa siku" atameza asubuhi, mchana na jioni, kisha alale usiku kucha bila dozi. Kama dawa ni ya kila baada ya saa 8, mtajie saa zenyewe: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku.

Dawa ya tatizo hili inajulikana: mwombe mgonjwa akueleze kwa maneno yake. Wanaoipinga wana hoja nzito. Dakika 3 kwa kila mgonjwa, wodi ikiwa na wagonjwa 20, ni saa nzima. Tena mtu mzima akihojiwa kama mwanafunzi huona amedharauliwa.

Hoja ya muda naikubali nusu tu. Maelezo mengi humwagwa siku ya kuruhusiwa, mgonjwa ameshafunga mizigo na akili iko nyumbani. Jambo moja au mawili kila unapompa dawa, tangu siku ya kwanza, halirefushi zamu.

Dharau nayo hutokana na namna ya kuuliza. "Nataka kujua kama nimeeleza vizuri. Mkifika nyumbani, mama, mtoto utampaje dawa hii?" Hapo anayepimwa ni muuguzi. Mama akijibu "kijiko kimoja", kosa limeonekana mapema: kijiko cha chai cha kipimo ni mililita 5, cha chakula ni 15, yaani dozi mara tatu. Mpe sirinji isiyo na sindano, atikise chupa, avute dawa mpaka mstari wa 5 huku ukitazama. Akikosea, kurudia maneno yale yale kwa sauti kubwa hakusaidii, badilisha maelezo.

Lugha rahisi pia ina mitego. "Majibu ni chanya" wengi huisikia kama habari njema. Sema "kipimo kimeonyesha una maambukizi". Lakini ukirahisisha mno na kusema "presha imeshuka" tu, mgonjwa huacha vidonge. Ongeza kwamba vidonge ndivyo vinavyoishusha.

Na wapo wanaojua kila kitu ila dawa zimewaishia. Kabla ya kumfundisha mtu upya, muulize kwanza amebakiwa na vidonge vingapi.