Maji Yana Njia Yake, Mtuulize

Barabara ya mtaani kwetu, huku Kisauni, Mombasa, ilipoinuliwa, mlango wa jirani yangu ulibaki chini yake. Masika ya kwanza yalipofika, maji yaliyozoea kupita uani yakakosa pa kwenda, yakaingia sebuleni. Nilimkuta mama wa watu anayakomba kwa sinia la mahamri, godoro ameliegemeza ukutani, unga wote umelowa. Kalvati lilikuwapo, ila mdomo wake uko juu kuliko ua. Mzee yeyote wa pale angewaonyesha wajenzi wa barabara kwa kidole maji hupita wapi. Hakuulizwa mtu.

Basi hunikera mno kusikia tathmini ya athari kwa mazingira, yaani kupima madhara ya mradi kabla haujajengwa, ikiitwa kizuizi cha maendeleo. Sheria ya mazingira ya Kenya ya mwaka 1999 inataka mradi mkubwa wa barabara utathminiwe na upate leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kabla haujaanza, na Katiba, kifungu cha 69, inaitaka serikali ihimize wananchi kushiriki katika kuyatunza mazingira. Lakini tunashirikishwaje? Kikao huitishwa saa nne asubuhi, mvuvi yuko baharini, mchuuzi yuko sokoni Kongowea. Ripoti ni ya Kiingereza, nene, imewekwa ofisini. Anayefika huandika jina, hunywa soda, na jina lile likageuka ushahidi kwamba jamii imeridhia.

Barabara ya Dongo Kundu naishukuru kila niendapo Kwale bila kungoja feri ya Likoni. Ila barabara za huku kwetu huvuka vijito vyenye mikoko, na kwenye mizizi yake ndiko wanakokulia kamba na samaki wadogo. Daraja la nguzo huacha maji yajae na kupwa; tuta la udongo likiyaziba, hata mikoko ambayo haikukatwa hukauka.

Halafu fidia ya wanaobomolewa barabara ipite. Mombasa wengi tuna nyumba, kiwanja ni cha mwingine. Kifungu cha 40 cha Katiba kinaruhusu kumlipa aliyekaa kwa nia njema hata kama hana hati, kwa hivyo naye aandikwe kabla ya ukuta wake kupigwa X nyekundu ya kubomolewa.

Wenye miradi, njooni baada ya Isha, pale wavuvi wanaposhushia samaki, na ripoti isomwe kwa Kiswahili. Njooni pia siku ya mvua.

Jirani yangu amejenga kizingiti cha matofali mlangoni, kimo cha goti. Wajukuu hukiruka kila asubuhi wakienda chuoni.