Mwalimu wa Sekondari Naye Afunguliwe Maktaba

Ijumaa iliyopita nilipanda basi saa kumi na moja alfajiri, na kufika saa tatu na nusu nilikuwa mlangoni kwa maktaba ya chuo kikuu kimoja. Nilikuwa na kitambulisho cha kazi na daftari lenye maswali saba. Dada wa mapokezi akaniamkia kwa adabu, akakitazama kitambulisho, akasema: "Samahani, mwalimu, huku ni kwa wanafunzi na wahadhiri wa hapa tu." Nikamwomba nisomee humo humo ndani, bila kuazima hata karatasi. Haikuwezekana. Nikarudi stendi na hasira ambayo mpaka leo haijaniisha.

Maswali yale hayakuwa yangu. Yalikuwa ya Kidato cha Sita.

Tulikuwa tumefika Mkataba wa Versailles, ule wa amani baina ya Ujerumani na washindi wa Vita Kuu ya Kwanza. Anayefundisha Historia 2, ile ya dunia, anajua mada hii inavyokwenda: hoja sita za masharti, hoja sita za matokeo, zinakaririwa, zinamwagwa kwenye mtihani, zinasahaulika. Mwaka huu moyo ulikataa. Maandishi kamili ya mkataba, ibara zote 440, yapo bure kwenye tovuti ya Chuo Kikuu cha Yale. Nikachagua ibara tatu, nikaenda steshenari kuzitolea kopi. Ya 231, inayoibebesha Ujerumani na washirika wake dhamana ya hasara za vita. Ya 119, ambapo Ujerumani inaachia makoloni yake yote. Na ya 246.

Ibara ya 246 inasema kwamba ndani ya miezi sita tangu mkataba uanze kutumika, Ujerumani itaikabidhi serikali ya Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa. Ndiyo, Mkwawa wetu, mtawala wa Wahehe, ambaye jeshi lake lilimwangusha kamanda wa Kijerumani Emil von Zelewski pale Lugalo mwaka 1891, na mwaka 1898 akajipiga risasi ili asikamatwe. Yumo kwenye mkataba ule ule wa Clemenceau wa Ufaransa, Lloyd George wa Uingereza na Wilson wa Marekani.

Darasa lilitulia kimya. Kisha kijana mmoja ambaye kwao ni Iringa, aliyewahi kuliona fuvu lenyewe kwenye makumbusho ya Kalenga, akasimama. "Mwalimu, mkataba ulianza kutumika Januari 1920. Fuvu limerudi 1954. Miezi sita imekuwaje miaka 34?" Mwenzake akadakia: kwa nini likabidhiwe Waingereza na si Wahehe? Binti wa mbele alikuwa ameisoma ibara nzima, akaona inadai pia Kurani ya Khalifa Uthman irudishwe kwa Mfalme wa Hejaz, huko Arabuni. Akataka kujua nani aliyeamua vitu hivi viwili vikae pamoja.

Miaka kumi na mbili nafundisha mada hii na sijawahi kuulizwa maswali ya namna hiyo. Niliwaeleza nilichokuwa nacho: kwamba mwaka 1953 Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda kwenye makumbusho ya Bremen, Ujerumani, akalichagua fuvu kati ya mengi yaliyokuwa yamehifadhiwa pale. Hapo nimewaambia lilivyopatikana. Kwa nini lilichelewa kiasi kile, hilo linataka vitabu.

Wapo watakaosema kila kitu kipo mtandaoni. Mkataba upo, nakubali. JSTOR nayo, hifadhi ya makala za kitaaluma mtandaoni, ukijiandikisha, inakuruhusu kusoma makala kadhaa bure kila mwezi, na mwalimu ambaye hajajiandikisha afanye hivyo leo. Lakini vitabu vingi vinakuonyesha kurasa chache kisha vinadai dola, na mtandaoni hakuna wa kukushika mkono. Zamani mkutubi mmoja wa maktaba ya mkoa alinifundisha nikipata kitabu nianzie nyuma, kwenye orodha ya marejeo, nitazame jina linalojirudia kitabu hadi kitabu. Huyo ndiye wa kutafutwa. Mzee yule alinifunza utafiti kwa dakika tano, kwa sababu tu mlango ulikuwa wazi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba vyuo hivi ndivyo vinavyotufunza ualimu. Miaka mitatu unaambiwa mwalimu wa historia asitegemee kitabu kimoja, alinganishe vyanzo, ahoji nani aliandika na kwa faida ya nani. Siku unayomaliza unarudisha kadi ya maktaba, unapangiwa shule ambayo maktaba yake ni kabati moja, tena ufunguo anao mwalimu wa taaluma. Halafu matokeo yakitoka, tunaulizwa kwa nini watoto wanakariri.

Najua vitabu vinaibwa na kurasa zinachanwa. Nimeyaona kwa macho yangu nikiwa mwanafunzi. Basi nikagueni. Begi libaki mlangoni, kitambulisho mkae nacho, mnipe kiti mbele ya meza ya mkutubi. Nondo za mitaani, yaani vijitabu vya muhtasari wa masomo, nazo sizilaumu, zimeokoa shule nyingi zisizo na kitabu hata kimoja. Na suala la lugha, la mtoto kuusoma mkataba kwa Kiingereza kabla hajaelewa kilichomo, nitaliandikia siku yake.

Mkuu wa shule ameniandikia barua yenye muhuri. Ijumaa hii napanda basi lile lile. Maswali yameshafika kumi na moja.