Chipu ya chaji imesema, bodi ndiyo haikusikia

Inaumiza kuona betri nzima zikitupwa. Kituo cha hali ya hewa kwenye mashamba ya chai Mufindi kinazima, fundi anapelekwa na betri mpya, baada ya siku chache kimezima tena. Kosa liko kwenye kodi, yaani programu ya kidhibiti, kompyuta ndogo iliyo kwenye bodi ya kituo.

Chukua bq24190, chipu ya kuchaji betri kutoka Texas Instruments. Pini yake ya INT, ya kukiita kidhibiti, inajua kuvuta laini chini tu. Kuipandisha ni kazi ya rezista ya kilo-ohm 10 iliyofungwa kwenye volti za kidhibiti. Paneli ya jua ikiunganishwa au ikichomolewa, betri ikijaa, hitilafu ikitokea, laini inashuka kwa maikrosekunde 256 halafu inarudi juu. Kodi inayochungulia pini kila sekunde itaikuta juu karibu siku zote. Tega intarapti (ishara inayokikatiza kidhibiti kazi yake papo hapo) wakati volti zinaposhuka. Ndani yake inua bendera tu, yaani alama ndani ya kodi, usomaji wa chipu kupitia I2C, laini zake za mawasiliano, uufanyie nje.

Balaa lenyewe liko REG09, rejista (kisanduku cha kumbukumbu ndani ya chipu) ya hitilafu. Chipu huandika hitilafu humo na kuishikilia mpaka uisome, na kabla hujaisoma, hitilafu mpya haitapigiwa INT nyingine, isipokuwa ya joto la betri, ambayo haishikiliwi. Tena usomaji wa kwanza unakupa yaliyopita. Wa pili, unaofuata papo hapo, ndio hali ya sasa. Mara mbili, jamani! Alfajiri ya ukungu paneli haina nguvu: chipu inaijaribu kwa miliampia 30, volti zinaanguka chini ya 3.8, inaandikwa hitilafu ya ingizo. Chipu yenyewe haikati tamaa, inajaribu tena kila sekunde 2, na jua likitoka inachaji. Saa nne kodi inasoma REG09 mara moja, inakuta ukungu wa alfajiri, inazima chaji kupitia REG01, rejista ya mipangilio. Na kwa kuwa inaihuisha watchdog, kipima muda cha ulinzi ndani ya chipu, kabla ya sekunde 40 kwisha, chipu hairudi kwenye mipangilio yake ya awali. Betri inakauka jua likiwa kali.

Haya, kusoma rejista kila dakika bila INT kunafanya kazi pia, ila kunaamsha kidhibiti bure, na msimu wa ukungu kila miliampia ina thamani.

Kidhibiti kikiwaka, soma REG08, rejista ya hali ya chaji, kisha REG09 mara mbili kabla ya kungoja intarapti yoyote, maana mipigo iliyopita kikiwa kimezima hairudiwi.